Maswali na majibu: pua mpya na mwaka wa kuisubiri itulie

Maswali ya upasuaji wa kurekebisha pua yamejaa kwenye simu yangu. Wengi mnauliza bei, na hiyo nawaachia madaktari, kwa sababu hakuna anayeweza kuitaja bila kuiona pua yenyewe. Mimi ni nesi, kazi yangu ni kuuguza watu wanaotoka thieta. Ninachokiona ni kwamba mtu anajipanga vizuri kwa fedha, anasahau kujipangia siku na miezi inayofuata. Nitajibu zaidi upande huo.

Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Tabata. Send-off yangu ni Novemba na harusi ni Desemba. Nimepata nafasi ya kufanyiwa pua mwanzoni mwa Oktoba. Nitakuwa nimepona?

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kidonda kitakuwa kimefunga. Pua yenyewe itakuwa bado.

Wiki ya kwanza utakuwa na plasta ngumu juu ya pua, uso umevimba, na chini ya macho pamevilia damu. Kwa ngozi zetu hapo huonekana pameiva weusi, na huchukua kama wiki mbili kupotea. Ukifika wiki ya tatu unaweza kwenda kazini na asiyejua asigundue kitu. Lakini ncha ya pua ndiyo ya mwisho kushuka. Mwenye ngozi nene ya pua, na wengi wetu tunayo, uvimbe wa ncha unaweza kukaa mwaka mzima, hata zaidi. Asubuhi pua inakuwa kubwa, jioni inapungua. Wiki hii unaipenda, wiki ijayo unalia.

Niwaelezee siku ya kutolewa plasta, maana picha za mitandaoni haziionyeshi. Ni kama siku ya saba. Daktari anailowesha plasta, anaibandua taratibu kuanzia juu karibu na paji la uso kushuka chini. Ngozi iliyokuwa imefunikwa ina mafuta na vipele vidogo. Ncha imevimba, imeinuka juu kupita kiasi, na ukiigusa imekufa ganzi kama si yako. Mgonjwa anaomba kioo, anajitazama, ananyamaza. Nimewashika mikono wengi wakiwa wanalia hapo. Majonzi ya wiki za mwanzo ni ya kawaida na kwa wengi hupita, lakini sitaki wewe upite humo huku unachagua sare za kamati.

Halafu fikiria siku yenyewe: mpambaji anayekandamiza sponji puani, shangazi watano wanaokukumbatia kwa nguvu, joto la Desemba, kucheza hadi usiku. Na albamu ya harusi wataiangalia wajukuu. Ushauri wangu ni uolewe na pua uliyo nayo, aliyoipenda huyo bwana, kisha mwakani ukiwa bado unataka, uende kwa utulivu.

Kila nikipiga selfie pua inajaa uso mzima. Rafiki zangu wanasema iko kawaida tu. Nani mkweli? Kijana wa Kinondoni.

Rafiki zako. Kamera ikiwa karibu na uso, kilicho mbele zaidi ndicho kinachokuzwa, na kwenye uso kilicho mbele ni pua. Madaktari wa Marekani walilipigia hesabu jambo hili na kulichapisha mwaka 2018: picha iliyopigwa umbali wa kama sentimita 30 huonyesha pua pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu kutoka ulipo, akupige mbele na ubavuni. Picha hizo ndizo za kumpelekea daktari.

Nikuulize pia: unajitazama kiooni kwa muda gani kwa siku? Kama pua inakuzuia kutoka, kwenda kazini, au kupokea simu ya video, anza kwa kuongea na mtaalamu wa afya ya akili. Ukiwa na hali hiyo, upasuaji hautakuridhisha hata ukifanikiwa. Daktari mzuri wa pua atakuuliza maswali haya kabla hajashika kisu, na asipokuuliza, mtilie shaka.

Daktari ameniambia niache vitu vinavyofanya damu iwe nyepesi. Mimi sina dawa ya damu. Nameza diklofenaki ya mgongo, vidonge vya kitunguu saumu kwa ajili ya presha pamoja na dawa yangu ya hospitali, na shisha wikiendi tu. Mama wa Mikocheni.

Dada yangu, vyote ulivyovitaja vinahusika, na nimefurahi umevitaja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia damu kuganda upesi. Kwa kawaida daktari huagiza ziachwe kama wiki mbili kabla. Mgongo ukiuma, paracetamol. Vidonge vya kitunguu saumu na vya mafuta ya samaki viingie kwenye mazungumzo hayohayo. Tangawizi ya kwenye chai ya kawaida isikukoseshe usingizi, ila yale maji mazito ya tangawizi na saumu ya kila asubuhi yasimamishe. Mwenye kutumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe kabla daktari wa moyo hajasema.

Dawa yako ya presha usiiache. Hapa watu hukosea sana, wakisikia "acha dawa" wanaacha zote. Presha ikipanda mezani damu inatoka nyingi, daktari haoni anachofanya, na anaweza kuahirisha. Uliza tu kama kidonge cha asubuhi ya siku ile unakimeza.

Shisha iache kabisa, wiki nne kabla na wiki nne baada, na ukiweza usiirudie. Katika upasuaji huu ngozi ya pua huinuliwa kutoka kwenye mfupa na gegedu (ile sehemu ngumu inayopindika, kama ya sikioni), na inabaki ikiishi kwa mishipa midogo ya damu. Nikotini huibana mishipa hiyo. Ngozi isiyopata damu inakufa, na ncha ya pua iliyokufa haina marekebisho mepesi. Wikiendi tu bado ni nikotini.

Mambo mawili hukuyauliza, nayaongeza kwa sababu ni yetu. La kwanza ni selimundu, yaani sikoseli. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, na wapo wanaobeba vinasaba vyake bila kujua. Kama ndugu yako anaumwa, omba kipimo na umwambie daktari wa usingizi. La pili ni makovu yanayovimba, keloidi. Kwenye pua yenyewe huwa nadra, lakini pua nyingi za Kiafrika hazipunguzwi tu, huinuliwa mgongo, na gegedu la kuinulia huchukuliwa sikioni au kwenye ubavu. Kifua na sikio ndipo keloidi inapopenda kuota. Kama ulitoga sikio likaota donge, muonyeshe daktari, na umuulize gegedu atalitoa wapi.

Nyumbani andaa mito ya kulalia kichwa juu, mashati na madera ya vifungo ili usivute nguo kupitia usoni, na barafu ya kuweka mashavuni na pembeni mwa macho, kamwe si juu ya pua. Suka nywele kabla, maana saluni na draya utavikosa kwa muda. Miwani haikai juu ya pua kwa wiki nne hadi sita. Na pawe na mtu mzima wa kulala nawe usiku wa kwanza. Chakula kwa kawaida huachwa saa sita kabla ya upasuaji na maji matupu saa mbili kabla, lakini ukipewa muda mwingine hospitalini, fuata huo.

Assalaam alaykum. Nina upasuaji mwezi ujao. Kupandisha maji puani kwenye udhu na kusujudu itakuwaje? Magomeni.

Waalaykum salaam. Sijawahi kuona karatasi ya maelekezo ya hospitali inayoligusa hili, na ni jambo la mara tano kwa siku.

Kwa upande wa tiba: usipandishe maji wala usipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, si chini ya wiki mbili. Ndani mna nyuzi, mna damu iliyoganda inayolinda kidonda, na pengine vipande laini vilivyowekwa kushikilia ukuta wa kati. Maji ya bomba yasiingie humo. Utapewa maji maalumu ya chumvi ya kupulizia, hayo yanatosha kulainisha. Plasta ya juu nayo isilowe, ikilegea inaacha kushikilia.

Kusujudu kunashusha kichwa chini ya moyo. Damu inajaa usoni, uvimbe unaongezeka, na siku za mwanzo pua inaweza kuanza kutoka damu hapohapo kwenye mkeka. Swali ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa ishara, mpaka daktari akuruhusu kuinama. Hata ukiruhusiwa, usiikandamize pua chini mpaka wiki sita zipite, kwa sababu mfupa uliokatwa bado unajishika.

Dini ina ruhusa zake kwa mgonjwa. Namna ya kutia udhu ukiwa na plasta usoni, muulize sheikh wako sasa kabla ya siku hiyo, na mwambie wazi ni sehemu gani haitakiwi kulowa. Na ukiweza usiupange upasuaji ukingoni mwa Ramadhani. Utahitaji dawa kwa saa zake na maji ya kutosha, hasa kwa kuwa utakuwa unapumua kwa mdomo na koo litakauka.

Binti yangu ana miaka 15, wanamtania shuleni. Nimpeleke? Mama wa Mbagala.

Bado, mama. Pua ya msichana inaendelea kukua hadi miaka 15 hadi 17, ya mvulana inachelewa zaidi. Kinachohitaji kushughulikiwa sasa ni huo utani. Nenda shuleni, kaa na mwalimu.

Kuna klipu za kubana pua na krimu Kariakoo. Na saluni moja inachoma sindano ya kuinua pua, dakika kumi tu. Ipi bora?

Klipu na krimu hazibadilishi mfupa wala gegedu. Utapata vidonda na ngozi iliyochubuka.

Sindano ndiyo inayonitisha. Kinachochomwa kikiingia kwenye mshipa wa damu kinaweza kuua ngozi ya pua, na mishipa ya hapo imeungana na ya macho, hivyo upofu umeshatokea kwa watu. Kwa daktari aliyefunzwa, dawa ya kuyeyusha baadhi ya sindano hizo huwa iko tayari pembeni. Saluni haina. Anayekugusa pua awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe bingwa wa upasuaji rekebishi au wa masikio, pua na koo. Ombeni kuona usajili. Si utovu wa adabu.

Nilipata ajali ya bodaboda, pua imepinda na tundu moja halivuti hewa. Bima italipa?

Urembo kwa kawaida bima hazilipi. Kuziba kwa pua ni ugonjwa, na kunyoosha ukuta wa kati ni matibabu. Anza kwa daktari wa masikio, pua na koo, aandike tatizo la kupumua, na mpate kibali cha bima kabla ya tarehe.

Nilifanyiwa Uturuki miezi mitatu iliyopita. Ncha imevimba upande mmoja. Nataka kurudia hapa Dar haraka. Sinza.

Usiharakishe, kaka. Pande mbili za pua hazishuki kwa pamoja, na miezi mitatu ni mapema mno. Wanaorekebisha pua iliyokwishafanyiwa husubiri angalau miezi 12, kwa sababu kukata kovu ambalo halijalainika huharibu zaidi. Hii ni tofauti na maumivu mapya, wekundu, joto au usaha. Ukiona hayo, unakwenda hospitali leo. Wakati unasubiri, waandikie Uturuki wakutumie ripoti kamili ya upasuaji: gegedu lilitoka wapi, na kama kuna kipande cha silikoni ndani. Bila karatasi hiyo daktari wa hapa anafungua pua gizani.

Mdogo wangu atatoka hospitali kesho, mimi ndiye nitakayemuuguza. Nitajuaje mambo yameharibika?

Damu nyepesi iliyochanganyika na kamasi kwa siku moja mbili si tatizo. Mkalishe wima ameinama mbele kidogo, ateme damu badala ya kumeza, badilisha kitambaa cha chini ya pua. Usimsokomeze pamba ndani. Akitaka kupiga chafya, aachie kwa mdomo wazi.

Ondoka naye haraka ikiwa vitambaa vinaloa kimoja baada ya kingine, damu inashuka kooni bila kukoma, anaona vibaya, anapata shida ya kupumua, kichwa kinamuuma vikali na shingo kukakamaa, au maji meupe kama ya bomba yanamtoka tundu moja. Ikiwa pua imeziba kabisa pande zote na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usisubiri asubuhi. Damu inaweza kuwa imejikusanya kwenye ukuta wa kati, na gegedu lililozingirwa hivyo huharibika ndani ya siku chache.

Kuhusu homa: hapa kwetu mtu akichemka tunakimbilia dawa mseto. Ikifika nyuzi 38, apimwe malaria, ndiyo, lakini kidonda kiangaliwe siku hiyohiyo hata kipimo kikionyesha malaria. Leo hii omba namba ya wodi inayopokelewa usiku, na ongea na dereva wa teksi au bajaji wa mtaani kwenu awe tayari. Bodaboda hapana, kofia ngumu haivaliki juu ya pua hiyo.