Upande wa nyuma

Marahaba mwanangu Rehema,

Umeuliza ufanye nini usichoke wenzako wanapokupeleka kwenye makumbusho ya sanaa huko Berlin, maana ukifika chumba cha tatu miguu inauma na picha zote zinafanana. Miguu sina dawa yake. Tazama kitu kimoja, ukizunguke. Kazi haina uso mmoja.

Hilo nimelipata kwa babu yako, siku ambayo hadi leo inaniuma. Alitoka Mwenge, kwenye soko la wachongaji wa vinyago, na shati lake la Idi, nikampeleka makumbusho moja mjini. Nilitaka aone vyote. Yeye akakwama kwenye kinyago cha ujamaa, ile kazi ambayo wazee wake waliiita dimoongo: gogo moja la mpingo, watu wamebebana toka chini hadi juu. Akachuchumaa kwa nyuma. "Njoo. Hapa patasi ilimponyoka, lile kovu akaligeuza mkono wa mtoto." Kweli, kimkono kimeng'ang'ania mgongo wa mama, kwa mbele hukioni kabisa. Chini yake mistari ya tupa ilikuwa ingalipo, msasa haukufika. "Huyu alikuwa na haraka. Labda mnunuzi alishafika."

Kisha akanyoosha kidole, akagusa. Mlinzi akamfokea mbele za watu kama mtoto. Nami, badala ya kusema huyu ni mchongaji, nikamshika mkono: "Twende baba, watu wanatuangalia." Hakusema neno mpaka tukashuka kwenye daladala.

Mlinzi alikuwa na sheria yake. Jasho la mikono ya watu linaharibu mti. Lakini mchongaji anaona kwa vidole! Ila angejuaje ni mchongaji, kama mwanawe mwenyewe alinyamaza? Nani alikosea zaidi, niache nisiseme. Ningesema, ningeanza na mimi.

Basi usihangaike kumaliza vyumba. Kitu kimoja, ukizunguke, halafu toka ukanywe chai. Utasema picha ya ukutani haizungukiki. Isogelee kwa pembeni, uone rangi ilivyotuna pale brashi ilipopita mara mbili.

Humboldt Forum, makumbusho ya hapo Berlin, wana vitu vya kutoka kwetu. Namna vilivyofika huko tutaongea siku nyingine, leo hasira zitaniharibia barua. Ukikuta kinyago cha mpingo, chuchumaa, uniandikie kwa nyuma kuna nini.

Baba yako