Nyimba za nyumba yako: barua kwa mwanangu kabla ya Krismasi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unauliza nyumba yenu iimbe nyimba za nani Krismasi hii. Watoto wanarudi kutoka shule na nyimba za Kiingereza za theluji, mke wako anataka zile za Kinyankole alizolelewa nazo, nawe moyo wako bado uko kwenye zile za Kiswahili za kota ya reli hapa Tororo. Umesema mmeanza hata kununiana. Mimi naamini hivi, baba: imbeni zile ambazo nyote mnaziweza bila karatasi. Kama leo hamna hata mmoja wa namna hiyo, jifunzeni mmoja kabla ya tarehe 24.

Wewe ulizikuta nyimba zetu zimeshaiva, huenda hujui zilivyopatikana. Babu yako alikuwa fundi wa reli. Mlango wa kwanza kotani alikaa Mluo, wa pili Mteso, wa tatu Mkamba aliyehamishwa kutoka Nairobi, kisha sisi Wapadhola, na ng'ambo ya njia familia ya Kiganda. Kila nyumba ilisali kwa lugha yake. Lakini mkesha wa Krismasi nani ataka kuimba peke yake? Lugha iliyokuwa mdomoni mwa wote ni Kiswahili, kile cha karakana na cha sokoni, na kwa hicho tukaimba. Yule Mkamba alishika besi, mama wa Kiganda akaongoza sauti ya kwanza, sisi watoto tukafundishwa sauti ya pili kwa kusikia tu, jioni baada ya jioni, mpaka aliyebaki jikoni akisukuma chapati alijua mahali pa kuitikia. Joto unalolikumbuka lilitoka kwenye yale mazoezi. Siku yenyewe ya Krismasi ilikuja kuvuna tu.

Tena usidhani hayo yalikuwa ya watu wa reli peke yao. Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika kwa Kabaka Mutesa pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na wasomaji wa kwanza wa Injili waliisoma kwa lugha hiyo. Vijana watatu Wakristo waliouawa kwa imani yao Busega, karibu na Kampala, tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, inasimuliwa kwamba walikufa wakiimba wimbo wa sifa waliofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akikuambia kuimba Kiswahili kanisani ni mambo ya kambi za jeshi na mpakani, mweleze habari za Busega.

Sasa hiyo theluji. Usiwakataze wajukuu zangu. Ule wimbo wao wa kengele na farasi ulichapishwa Marekani mwaka 1857, na ukiusikiliza vizuri haumtaji Yesu wala Krismasi hata mara moja. Waache waufurahie kama mchezo, ila usiwe ndio wimbo wa mkesha. Na waambie theluji haiko Ulaya tu: kwetu iko Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu, ijapokuwa inapungua.

Ule wa usiku mtakatifu nao ulitoka mbali. Maneno yake aliyaandika padre Joseph Mohr mwaka 1816, kwa Kijerumani, na Franz Xaver Gruber akautia sauti. Waliuimba mara ya kwanza wao wawili, kwa gitaa, Oberndorf huko Austria, usiku wa tarehe 24 Desemba 1818. Hata Waingereza waliupokea kama tulivyoupokea sisi. Kotani hakuna aliyeijua Austria, na bado baba yangu hakuwahi kuumaliza bila sauti kukatika. Nani atakuja kuniambia haukuwa wake?

Na yule mwimbaji wetu Philly Lutaaya, je? Nyimba zake za Krismasi ni za Kiganda, lakini Desemba ikiingia redio zote huzipiga, na hapa Tororo hata wasiojua Kiganda huitikia. Aliishi Sweden miaka mingi, akarudi kutuambia hadharani kwamba ana UKIMWI wakati watu mashuhuri walificha, akafariki tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya Krismasi. Mimi nikizisikia husimama pale nilipo. Wafundishe watoto huyo alikuwa nani.

Kinachonisikitisha ni spika. Siku hizi unaingia nyumba ya watu siku ya Krismasi, kuku yupo, matoke yapo, nguo mpya zipo, na spika inaimba toka asubuhi hadi usiku huku watu wenyewe kimya. Iwasheni mkiwa mnapika. Mkishakula, zimeni.

Kuhusu mkwe wangu nitasema wazi, maana hapa nadhani ndipo penye kununa kwenyewe. Yeye mwaka huu atakula Krismasi mbali na mama yake, mezani kwa watu wanaoimba wasichokijua. Mpe nafasi awe mwalimu. Achague wimbo mmoja wa kwao, autamke polepole, nawe ukae chini pamoja na watoto ujifunze, na ukikosea akusahihishe mbele yao. Huo utaingia kwenye nyimba za nyumba yenu kama besi ya yule Mkamba ilivyoingia kwenye zetu.

Njooni mapema, tarehe 22 ikiwezekana, kabla nauli za paki hazijaruka. Mazoezi ni saa kumi jioni hapa nyumbani, na besi haina mtu, utaishika wewe. Mwambie mke wako anirekodie wimbo wake kwenye simu, ubeti kwa ubeti, anitumie wiki hii. Nataka akifika anikute ninaujua.

Mama yako