Ilikuwa pale komini, si kanisani

Swali la wiki hii linatutaka sisi akina baba tuseme ni dakika ipi ya harusi za binti zetu iliyotugusa kuliko zote, na kwa nini. Wengi, nadhani, watataja pale baba anapompa mwanawe mkono na kumsindikiza hadi mbele ya altare. Mimi pia niliutembea mwendo huo, mwaka 2023, katika parokia yetu ya Kadutu, na sitasema kwamba macho yangu yalibaki makavu. Lakini dakika yangu ilikuwa imekwisha kupita tangu Alhamisi ya juma lile, katika komini ya Ibanda, yaani ofisi ya serikali inayofungisha ndoa, ndani ya chumba chenye viti vya plastiki na kelele za pikipiki dirishani, ofisa wa ndoa alipouliza habari ya mali.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu haolewi mara moja. Kuna siku ya mahari, ambayo wengi wetu tunaiita dote, kuna siku ya komini, na kuna siku ya kanisa. Siku ya mahari ni ya baba, ingawa hata hiyo si yake kabisa, maana neno lake hulisema kwa kinywa cha msemaji wa ukoo, naye hukaa kimya kitini kama mgeni katika nyumba yake. Wakwe zetu walitoka Uvira kwa barabara ya Ngomo, wakachelewa, wakafika na vumbi hadi kwenye kola, na msemaji wao alitumia karibu nusu saa kuomba radhi kwa mafumbo kabla ya kutaja kilichowaleta. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa, vicheko vikawa vingi. Sisi watu wa kabila la Bashi tunahesabu mahari kwa ng'ombe, lakini mjini ng'ombe wengi wamegeuka kuwa dola, na siku ile tulipokea wawili wenye mikia na masikio, pamoja na bahasha iliyosimama mahali pa wengine, mbuzi wa mjomba, na blanketi la bibi wa binti yangu.

Hapo naomba nafasi ya kusema jambo moja linaloniudhi. Ile orodha ambayo familia nyingi sasa huwaandikia wakwe, na ambayo watu bila aibu wanaiita faktire, yaani ankara, yenye simu ya aina fulani, suti ya kipimo fulani na makreti ya bia kwa kila shemeji, mimi niliikataa, na ndugu zangu wawili hawajanisamehe hadi leo. Sheria inataka mahari itolewe, walau sehemu yake, kabla ya ndoa kufungwa. Haikumwagiza mtu yeyote afungue duka.

Narudi komini. Ofisa alikuwa amekwisha kusoma vifungu vya Sheria ya Familia juu ya wajibu wa mume na mke, kwa sauti ya mtu aliyevisoma tangu asubuhi kwa maharusi wengine. Kisha akaeleza kwamba wanaooana huchagua namna ya kumiliki vitu vyao: kila mmoja abaki na mali yake, au vyote viwe vya wote wawili, au wawe na umoja katika yale tu watakayoyachuma ndani ya ndoa. Wasipochagua, sheria huwahesabu kuwa wamechagua hiyo ya tatu. Baada ya maelezo hayo akainua kalamu na kumtazama bwana harusi, kwa mazoea tu, sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Bwana harusi hakujibu. Aligeuza uso akamtazama binti yangu, na kalamu ya ofisa ikabaki hewani mpaka naye akageuka.

Binti yangu alisema, "Tumekubaliana, mheshimiwa. Tutakachochuma pamoja ni chetu sote, na alichokuja nacho mtu kinabaki chake."

Ofisa akamuuliza kijana kama ndivyo, naye akajibu kwamba ndivyo, kisha mambo yakaendelea. Nyuma yangu shangazi mmoja alinong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikiwa na chumba kizima, "Huyu anagawa vitu hata hajalala kwake!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, lakini koo lilikuwa limenikaza kiasi kwamba sikuweza kumjibu.

Ili mnielewe, sina budi kurudi nyuma. Nilimwoa mama wa binti yangu mwaka 1994, akiwa na miaka 17, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa sheria ya 1987 ilimruhusu msichana kuolewa tangu miaka 15 ilhali mvulana alisubiri 18. Mwaka 2009 mke wangu, ambaye anauza vitenge katika soko la Kadutu, alitaka kukopa fedha katika ushirika mmoja wa akiba. Biashara ilikuwa yake, wateja walikuwa wake, na deni angelilipa yeye. Karani akamwambia arudi na ruhusa ya mume wake. Karani hakuzua kitu: sheria hiyohiyo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa jambo lolote la kisheria. Mke wangu alirudi nyumbani na fomu ameikunja mara nne ndani ya kitambaa cha kufungia pesa, akaniwekea mezani pembeni ya sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, nami nikaisaini huku natafuna. Binti yetu, aliyekuwa na miaka 12, alitazama kalamu ikirudi mfukoni, akauliza, "Papa, na wewe mama anakusainia wapi?" Nilimwambia amalizie masomo yake.

Sheria ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Ruhusa ya mume iliondolewa, na mahali pake pakawekwa makubaliano ya wote wawili. Kifungu kinachomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba kimebaki, na wazee wa ukoo wangu hawachoki kukikariri, ingawa sijamsikia hata mmoja wao akikariri kile cha makubaliano. Lakini si kifungu kilichonigusa siku ile. Vifungu vinaweza kukaa kabatini miaka mingi bila kumfikia mtu. Kilichonigusa ni kwamba jibu lilikuwa tayari. Hawakunong'onezana, hawakutafuta macho yangu wala ya baba wa kijana; mazungumzo hayo walikwisha kuyafanya wao wawili, mahali pao, bila msemaji na bila kasiksi. Tangu azaliwe nilikuwa nikiogopa siku ambayo ningemkabidhi kwa mtu, na pale nikaona kwamba hapakuwa na cha kukabidhi.

Kuhusu kanisa nitasema machache, kwa sababu picha zipo na kila aliyekuwapo ana simulizi yake. Kwaya iliimba kwa Kiswahili na kwa Kimashi, lugha yetu Bashi; mvua ilivumilia hadi saa nane. Padri aliwauliza kama wamekuja kwa hiari yao bila kulazimishwa, swali ambalo Kanisa Katoliki huwauliza wote wanaooana, nami nililisikiliza bila wasiwasi wowote, maana nilikuwa nimekwisha kulisikia jibu lake.

Ndugu zangu bado wanauliza mahari iko wapi. Bahasha ililipa ukumbi na chakula, na mbuzi alikwenda kwa mjomba kama inavyopasa. Ng'ombe mmoja nimemtengea mdogo wa kiume wa binti yangu, ambaye naye siku moja ataenda kugonga mlango wa watu. Wa pili yuko Walungu kwa kaka yangu mkubwa, na mwaka jana alizaa. Nilimpigia binti yangu simu nikamwambia kwamba ndama huyo ni zawadi yake. Alishukuru, akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba zawadi haihesabiwi katika yale ya pamoja, hivyo kaka yangu amwandike kwa jina lake peke yake.