Maswali ya Wasomaji: Chama cha wenye migahawa kina kazi gani?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nina kibanda cha chakula karibu na stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara mjini. Asubuhi nauza supu na chapati, mchana wali, ugali wa muhogo, samaki na kisamvu. Mtoto wa kaka yangu yuko Texas, Marekani, anahudumia mezani kwenye mgahawa. Ananiambia kule kila jimbo lina chama cha wenye migahawa na serikali inakisikiliza. Wenzangu hapa wanataka tuanzishe cha kwetu. Wengine wanasema chama ni mlo wa viongozi, michango tumeshachoka nayo. Hasa hasa kazi yake ni nini, na sisi kitatufaa kwa lipi? — Mama lishe, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo lililoniuma miaka yote niliyouza chakula Mikindani. Sisi wapishi tunakutana na serikali mmoja mmoja, kila mtu kwenye kibanda chake, bwana afya akiwa amesimama mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Saa hiyo hakuna mazungumzo. Unalipa au unabembeleza. Kanuni yenyewe ilishaamuliwa zamani, na wewe hukuwepo.

Chama cha jimbo kule Marekani kipo kwa sababu hiyo. Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake linalotunga sheria za leseni, usafi wa chakula, mishahara na kodi ya mauzo. Basi wenye migahawa wakajipanga palepale sheria zinapotungwa. Chama cha California ni cha tangu 1906, cha Texas anakoishi kijana wenu ni cha 1937, na cha taifa zima kilianzishwa 1919 huko Kansas City. Wale wa Kansas City walikuwa wamechoshwa na walanguzi wa mayai. Wakakubaliana kuacha kununua, na bei ikashuka.

Kazi yake kubwa haionekani jikoni. Kinaajiri watu wa kusoma miswada, kufuatilia kamati za bunge na kuomba nafasi ya kusema: kanuni hii mkiipitisha hivi, mwenye meza sita atafunga. Kikishindwa kwa maneno, huenda mahakamani. Mwaka 2019 mji wa Berkeley, California, ulipiga marufuku kuunganisha gesi kwenye majengo mapya. Chama cha wenye migahawa cha jimbo kikaushtaki mji huo kutetea moto wa wapishi, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakipa ushindi. Mtu mmoja mwenye sufuria zake asingefika huko.

Kisa hicho kinanigusa kwa sababu ya huku kwetu. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba mpaka Dar es Salaam, na wewe mwenye kibanda Mkanaledi bado unahesabu magunia ya mkaa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri, mapafu yangu yanaliunga mkono. Lakini sufuria ya maharage ya watu arobaini haiivi kwa mtungi mdogo wa nyumbani. Jambo hilo linatakiwa lisemwe na wanaopika, kwa sauti moja, mbele ya wanaopanga ruzuku na bei ya mitungi. Mpaka sasa kila mmoja analisema peke yake akipepea jiko.

Kuna kazi nyingine ambayo ningeitaka hata kesho: mafunzo. California tangu 2011 inamtaka mfanyakazi wa chakula apate kadi ya usalama wa chakula ndani ya siku 30 za kuajiriwa, na kadi hiyo hudumu miaka mitatu. Chama cha taifa kina mafunzo yake yanayoitwa ServSafe, na wafanyakazi wengi huyapitia hayo. Kwetu mhudumu anapimwa afya kila miezi sita, anarudi na cheti. Ni sawa, apimwe. Ila kipimo hakimfundishi kwamba wali uliolala kwenye joto la Mtwara unaweza kumlaza mtu hospitali hata ukiupasha upya, wala kwamba kibao kilichokatiwa samaki mbichi hakikatiwi kachumbari. Chama kingeweza kumwomba bwana afya huyohuyo aje siku moja bila kitabu cha stakabadhi, aje kufundisha. Nina hakika wengi wao wangekubali.

Sasa mwambie kijana wenu jambo ambalo pengine hajaambiwa. Chama kile ni cha wenye migahawa, siyo cha wahudumu. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, na mwajiri aongeze tu pale ambapo bakshishi haikufikisha kima cha chini cha dola 7.25. Hiyo 2.13 haijabadilika tangu 1991, Texas inaifuata, na chama cha taifa cha wenye migahawa kimekuwa mstari wa mbele kupinga isiongezwe. Sikifichi kitu hicho, kwa sababu nawaona mabinti wanaoosha vyombo kwenye vibanda vyetu, wanafika kabla ya alfajiri na kuondoka na sahani ya chakula na vijishilingi. Mkiunda chama, mambo yao muyaweke mezani tangu siku ya kwanza. Wao pia wana haki ya kujiunga na chama chao. Cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani kipo, kinaitwa CHODAWU.

Kuhusu kwenu: nchi yetu haina majimbo ya namna ile, kwa hiyo msiige umbo, igeni mahali pa kusimama. Ushuru na kanuni nyingi zinazokubana zinatoka kwenye sheria ndogo za Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na kupokea mapingamizi yao kabla haijaidhinishwa na waziri. Mlango huo uko wazi na hatuutumii. Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata wakati wewe uko Feri unagombania samaki wa changu. Mwaka unaofuata, msimu wa korosho umeanza, stendi imejaa watu wenye hela, unashangaa ushuru umepanda. Chama chenu kikifanya kazi moja tu, ya mtu mmoja kupita kwenye ule ubao kila wiki na kuwaita wengine waandike barua, kitakuwa kimeshalipa ada yake.

Kwa hofu ya mlo wa viongozi, ushauri wangu ni msichanganye chama na vikoba. Kikundi cha kukopeshana, au cha kuomba ile asilimia 10 ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu), kiwe na daftari lake na watu wake. Chama cha kusemea biashara kiwe na ada ndogo ya nauli, karatasi na usajili kwa Msajili wa Jumuiya. Fedha ikiwa ndogo na mapato na matumizi yakibandikwa ukutani, wenye njaa ya uongozi hawakai.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi baba lishe na mama lishe wa hapa tumekubaliana kuunda umoja ili wote tuuze sahani ya wali samaki bei moja, na anayeshusha atozwe faini. Wewe unaonaje? — Baba lishe, Lindi mjini

JIBU: Marahaba. Acheni kabisa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na inakataza pia washindani kugomea kwa pamoja. Hata ule mgomo wa mayai wa Kansas City nilioueleza hapo juu, kwetu leo ungewapeleka Tume ya Ushindani. Kununua gunia la mchele pamoja na kumwomba muuzaji awapunguzie ni jambo jingine, hilo fanyeni. Bei ya sahani kila mtu aipange jikoni kwake. Mkikutana isiwemo kwenye ajenda, na mtu akiianzisha, katibu aandike kwenye muhtasari kwamba mlikataa kuijadili.