Mwanao kukigomea kitabu cha majoka: jaribu hivi

Dada, nimekuelewa. Mwanao wa miaka 11 aliipenda filamu ya majoka ya mwaka 2010, ukamnunulia kitabu chenyewe, How to Train Your Dragon cha Cressida Cowell, naye kakigomea baada ya kurasa kumi akidai "siyo yenyewe". Wangu alifanya vivyo hivyo.

Na hajakosea. Kwenye filamu Toothless ni joka jeusi la kuogopwa. Kitabuni ni kijoka kidogo, kibogoyo, kikaidi kupindukia, na Hiccup, yule mvulana mhusika mkuu, anaijua lugha yake. Mwambie hilo mapema. Mimi nilimsomea sura tatu za mwanzo kwa sauti, jioni baada ya chakula, nikiigiza sauti ya kile kijoka kinavyodeka. Ya nne aliimaliza mwenyewe! Muonyeshe pia michoro yenye madoa ya wino, kaichora mwandishi mwenyewe.

Usinunue vitabu vyote 12 vya mfululizo huu kwa mpigo. Vya mwisho vina vita na huzuni, hivyo vipitie kwanza kama ni mwepesi wa kuogopa.

Ila akiruka mistari au akiumwa kichwa kila anaposoma, hata vitabu vya Kiswahili, mpeleke akapimwe macho.