Maswali Yenu: Satima kwa Siku Moja

*Mhariri, sisi ni vijana sita wa Kasarani. Longonot tuliimaliza bila shida. Sasa tunataka Satima, kwenye milima ya Nyandarua. Tutoke Nairobi usiku wa manane, tupande, na turudi usiku huohuo. Yawezekana? – Msomaji, Kasarani*

Kupanda na kushuka kwa siku moja, ndiyo. Kuunganisha na safari zote mbili za barabarani, hapana. Longonot ina mita 2,776 na Satima ni takriban mita 4,000, lakini hata kimo si shida kubwa kuliko saa. Dereva aliyekesha akienda, akashinda mlimani, kisha ashike tena usukani gizani kuelekea Naivasha ni hatari kuliko mwamba wowote wa huko juu. Laleni Nyahururu Ijumaa. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo usingizi wa hapo pia huanza kuuzoesha mwili. Jumapili ndiyo ya kurudi.

Sasa pigeni hesabu ya saa. Kwenye njia nzuri mtu hutembea kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda humwongezea saa nzima. Tuseme njia ni kilomita 9 kwenda na mna mita 800 za kupanda: hiyo ni saa tatu na dakika chache. Huku hamtapata njia nzuri. Nyasi za huko huota kwa mashungi yanayofika magotini, katikati yake kuna kinamasi, na mguu hauoni unapokanyaga. Ongezeni nusu ya muda, zifike kama saa tano. Mkianza saa moja asubuhi, mtakuwa kileleni karibu saa sita. Saa saba mchana ndiyo mwisho: popote mlipo, hata kilele kikiwa mbele ya macho, mnageuka. Kushuka huchukua saa tatu na nusu au nne, jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na ukungu wa alasiri huweza kufunika njia kwa dakika chache. Mwendo upimwe kwa aliye mwisho. Kundi likigawanyika kwenye ukungu, wa mbele hufika na wa nyuma hupotea.

Mpeni kila mmoja tochi ya kichwani hata kama hamtarajii giza. Tochi ya simu hula chaji, na baridi hudhoofisha betri. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ramani ikiwa imepakuliwa kabla ya kuondoka mjini. Ada ya Mbuga ya Aberdare, ambamo Satima imo, nayo lipeni kwenye eCitizen mkiwa bado na mtandao.

*Ni lazima tuchukue askari wa KWS (shirika la wanyamapori)? Tuna kijana anayeijua njia. – Msomaji, Umoja*

Mchukueni, na mpange naye mapema kupitia ofisi ya mbuga. Kujua njia ni kazi moja, nyati ni kazi nyingine. Nyati dume aliyejitenga na kundi hulala kwenye vichaka na hasikiki mpaka umfikie. Ndovu pia hupita huko. Askari hutangulia na bunduki, nanyi mnafuata karibu karibu, bila mziki wa spika. (Spika ibaki nyumbani. Hii ni rai yetu, na hatuibadilishi.)

*Nilipanda mlima mrefu mwaka jana, kichwa kikaniuma vibaya. Nimeze dawa gani safari hii? – Mama wa watoto wawili, Embakasi*

Mama, tuanze na chanzo. Kwa mita 4,000, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya Nairobi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ndizo dalili za kwanza, na mara nyingi huja saa kadhaa baada ya kufika juu. Mpandaji wa siku moja huokolewa na kule kushuka mapema. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukiongea kwa vipande, umekimbia.

Paracetamol yafaa kwa maumivu, ila usiimeze ili uendelee kupanda. Asetazolamaidi hutumika kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na kwa kawaida huanzwa siku moja kabla. Kwanza mwone daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Mtu akianza kuyumba, akishindwa kutembea kisigino kikigusa vidole kwenye mstari mnyoofu, akichanganyikiwa, au akihema hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja huku ameshikwa. Asiambiwe apumzike kidogo kwanza.

*Nguo, chakula na viatu? Bajeti ni ndogo. – Mwanafunzi, Kahawa*

Joto hupungua kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Asubuhi ya digrii 13 Nairobi ni chini ya sufuri kileleni, na upepo haujahesabiwa. Acha jinzi na fulana ya pamba: zikilowa hubaki zimelowa, na kulowa ndiko kunakoleta kutetemeka. Gikomba utapata fulana ya polista, sweta na koti la mvua la mitumba. Lijaribu koti kwa kulimwagia maji kabla ya safari. Kofia na glavu usiache.

Beba maji lita 3. Chakula kiwe cha kuliwa bila kusimama sana: chapati, mayai ya kuchemsha, nduma, njugu. Kula kidogo kila saa, maana huko juu njaa haikupigii hodi.

Gamboti ni nzuri kwenye kinamasi ila kisigino huteleza ndani, hivyo vaa soksi mbili nzito. Ukichagua buti, acha nafasi ya kidole kimoja mbele na ukate kucha siku mbili kabla. Kucha nyeusi hutokea wakati wa kushuka, vidole vinapogonga ncha ya kiatu. Kabla ya kugeuka kileleni, funga upya kamba na uikaze zaidi hapo kifundoni.