Maswali na Majibu: Kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya betri ya moyo

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Nansio, Ukerewe. Baba yetu ana miaka 61, moyo umetanuka, na kipimo cha eko alichofanyiwa Bugando kinasema EF 28%. Ana miezi mitano kwenye dawa. Tumeambiwa aende Dar es Salaam akawekewe CRT, ile betri yenye nyaya tatu. Kaka yangu kasikia betri ya kawaida ina bei nafuu, anauliza kwa nini isiwe hiyo. Ng'ombe tutauza, ila tusiuze bure.

JIBU: Marahaba. Msiuze kwanza. EF 28% ina maana kwamba chemba ya chini ya kushoto, kwa kila pigo, inatoa asilimia 28 tu ya damu iliyojaa ndani yake. Kwa mtu mwenye afya huwa 55 hadi 70. Namba hiyo inaonyesha moyo umechoka, haionyeshi umechokeshwa na nini. Tafuteni karatasi ya pili, ya kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani. Hapo pameandikwa QRS, yaani muda ambao umeme huchukua kuenea kwenye chemba za chini, na namba ya milisekunde.

CRT hutibu kasoro moja: umeme unachelewa kufika upande wa kushoto, kuta za chemba zinabana kwa kupishana, na nguvu inapotea humohumo. Ikiwa QRS ya mzee ni 150 au zaidi, tawi la kushoto la njia ya umeme limeziba, EF haizidi 35, na dawa zote amezitumia ipasavyo kwa angalau miezi mitatu, mliyoambiwa yana msingi. Ikiwa QRS ni chini ya 130, kifaa hicho hakimfai na kinaweza kumdhuru. Hapo kwenye dawa muwe wakali kidogo: wengi hukaa miezi kwenye dozi ileile ya kuanzia, haijapandishwa hata mara moja, kisha inasemekana dawa zimeshindwa.

Sasa hoja ya kaka. Betri ya kawaida inafaa sana kwa moyo unaopiga polepole mno. Lakini waya wake hupeleka umeme chemba ya chini ya kulia kwanza, kushoto kunafuata kwa kuchelewa, yaani ugonjwa uleule wa baba yenu. Moyo dhaifu ukisukumwa hivyo muda wote unaweza kushuka zaidi.

Waya wa tatu ndio wenye shughuli. Unapitishwa kwenye vena iliyo nyuma ya moyo hadi ukuta wa kushoto, na njia yenyewe hutofautiana mtu na mtu. Ukilala karibu na neva ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, tumbo linarukaruka kama kwikwi kwa kila pigo. Kwa kawaida hilo hurekebishwa kwa kompyuta, bila kupasua tena. Jueni pia kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu haoni nafuu kubwa, hasa waya ukikaa vibaya au mapigo yakiwa ya kuvurugika muda wote.

Na hili watu husahau kuliuliza: kompyuta ya kusoma kifaa ni ya kampuni iliyokitengeneza, haisomi cha kampuni nyingine. Ulizeni iko wapi na mzee atarudi kila baada ya miezi mingapi, ili nauli ya kutoka Ukerewe iingie kwenye hesabu. Betri yenyewe haichajiwi. Ikiisha, hubadilishwa kiboksi kizima, nyaya zikiwa bado nzima zinabaki.

Baada ya upasuaji, mkono wa upande ule usipande juu ya bega wiki 4 hadi 6. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa maji, asikubali mtu yeyote wa zahanati kuchoma sindano ili kunyonya. Sindano huingiza vijidudu mfukoni mwa kifaa, na hapo mara nyingi hung'olewa vyote, kiboksi na nyaya.

SWALI: Mimi ni fundi wa injini za boti, Kirumba. Nimewekewa ICD, ile inayopiga shoti moyo ukienda mbio vibaya. Naweza kuendelea na kazi?

JIBU: Baada ya kidonda kupona na daktari wako kukuruhusu, ndiyo, kwa masharti. Injini ikiwa inawaka, kifua kikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye koili na plagi. Ule mtindo wa kushika waya wa plagi ili kupima moto, uache kabisa. Kamba ya kuwashia ivute kwa mkono usio upande wa kifaa, kwa sababu waya hupita chini ya mtulinga na kusuguliwa kila unapovuta. Kuchomelea mwachie mwenzako: kifaa kinaweza kudhani kelele za umeme ni mapigo na kukupiga shoti ukiwa mzima. Majini usiende peke yako, na jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa. Shoti moja ukajisikia vizuri, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Mbili ndani ya saa 24, au moja ukazidiwa, nenda hospitali.

SWALI: Kuna pampu ya moyo India, mama anaweza kuishi nayo hapa Igoma?

JIBU: Kwa hali ya sasa, hatushauri. Waya wake hutokea tumboni, betri huchajiwa kila siku, haruhusiwi kuzama majini, na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote huku INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikipimwa mara kwa mara. Wengi wenye pampu hiyo hata mapigo ya mkononi hayashikiki, kwa hiyo nesi asiyejua atahangaika.

SWALI: Mizani ya nyumbani ina kazi gani kwa mgonjwa wa moyo? Msomaji, Sengerema.

JIBU: Kubwa kuliko vifaa vyote hapo juu kwa wagonjwa walio wengi. Ajipime asubuhi, ameshakojoa, hajala, nguo zilezile, mizani ikiwa juu ya saruji, si kwenye mkeka. Aandike. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji hayo, si mafuta: awasiliane na kliniki kabla ya kuanza kuhema usiku. Kuikagua mizani, weka dumu la lita 20 lililojaa, isome takriban kilo 21. Uzito ukipanda ghafla, uliza kwanza kama juzi walikula kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, maana chumvi hushika maji mwilini.